Sehemu ya 9: Redio ilipokatika kwenye neno "lita"

Nimetoka zamu. Hapa Iyula mvua imenyesha mchana kutwa na mtandao unasumbua, nikakumbuka kisa ambacho nimekuwa naona aibu kuwaambia.

Nilialikwa kwenye kipindi cha redio moja ya mtandaoni, moja kwa moja, nieleze kuhusu mtoto anayeharisha. Studio sikwenda. Nilikaa chumbani kwangu, wakaniunganisha kwa WhatsApp. Nikafika kwenye ORS, nikasema: "Pakiti moja iweke kwenye lita moja ya maji safi na salama, halafu mpe mtoto kwa kikombe, kidogo kidogo." Katikati ya sentensi hiyo simu ya kawaida ikaingia. Mama mkwe! Nikaikata haraka, nikaendelea kuongea. Nilidhani hakuna aliyegundua.

Kesho yake mama mmoja akaja wodini na mtoto wa mwaka mmoja. Midomo imekauka, ana kiu kali, analia hatulii. Nikamuuliza amempa nini.

"ORS, dada nesi. Si ulisema jana redioni? Pakiti moja kwenye kikombe."

Niliishiwa nguvu. Kumbe hewani ilisikika hivi: "Pakiti moja iweke kwenye..." kimya, "...kikombe, kidogo kidogo." Pakiti ya lita moja ikiingia kwenye kikombe, chumvi inakuwa nyingi mno, na inaweza kumletea mtoto hata degedege. Tulimhudumia, tukamweka chini ya uangalizi, siku ya tatu akaruhusiwa. Mama yake hakunilaumu. Alikuwa amefuata alichosikia.

Redio ya mtandaoni iko hivi: simu yako inatunza sekunde chache tu za sauti. Mtandao ukiyumba na zile sekunde zikaisha, kimya. Ikirudi, mara nyingi unapelekwa kwenye kinachosemwa sasa. Lililopita limepita. Na likikatikia kwa msemaji, kama mimi, hakuna msikilizaji hata mmoja anayelipata.

Siku hizi nikialikwa, simu ninayoongelea naiweka hali ya ndege, nawasha Wi-Fi, napata intaneti kutoka simu nyingine yenye laini ambayo hakuna mwenye namba yake. Zote chaji imejaa, maana umeme nao una mambo yake. Baba watoto anakaa chumba kingine na spika za masikioni, anasikiliza kama ninyi. Yeye anasikia kwa kuchelewa kidogo, lakini akisikia kimya anakuja kunipungia mkono, narudia sentensi yote. Na kipimo nakisema mara tatu hata kama hakijakatika.

Na wewe unayesikiliza:

1. Ikikatika, fungua stesheni nyingine. Hiyo ikiwa sawa, tatizo liko kwa redio, usihangaike na simu. Zote zikigoma, angalia bando, kisha sogea penye mtandao.

2. Sauti ikizimika kila kioo kikizima, toa hali ya kuokoa chaji.

3. Kama redio ina chaguo la sauti nyepesi, chagua hilo. Kilobiti 128 kwa sekunde zinakula karibu MB 58 kwa saa. Kilobiti 64 zinakula nusu yake, na hazikatiki ovyo.

4. Kimya kikiangukia kwenye kipimo, dozi au umri wa mtoto, usijazie mwenyewe. Soma pakiti, au uliza nesi. Hata usiku, uliza.

Sasa naiandika ambapo haikatiki: PAKITI MOJA YA ORS, LITA MOJA YA MAJI SAFI NA SALAMA. Ikipita saa 24, mwaga, changanya nyingine. Endelea kumnyonyesha. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au choo kikiwa na damu, usisubiri kipindi cha kesho. Mlete.

Tukutane sehemu ya 10.