Barua Kutoka Nchi Inayopasuka

Reykjavík, Iceland

Kaka mpendwa,

 Baridi ya huku haina huruma.

Leo nimetembea ndani ya ufa. Pale Þingvellir, bamba la ardhi la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka, na njia ya miguu inapita kati ya kuta za mawe meusi. Ukipapasa ukuta unahisi vitundu vingi vidogo: ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Hapo ndipo wenyeji walipoanzisha bunge lao mwaka 930. Na katika ziwa lililotanda ufani, samaki wa asili moja wamekuwa wa namna nne tangu barafu kuu ilipoyeyuka. Mmojawapo ni mdogo, mweusi, na hukaa kati ya mawe ya lava.

Ardhi hii imewatesa sana wenyeji. Mwaka 1783 nyufa za Laki zilifunguka zikatema moto na gesi kwa miezi minane. Malisho yakaingia sumu, mifugo ikafa, njaa ikaangamiza takriban mtu mmoja katika kila watano. Na Novemba 2023, mji wa wavuvi wa Grindavík ulihamishwa usiku mmoja. Hata sisi wa Naivasha tumeonja: unakumbuka Aprili 2010, maua yetu yalipotupwa kwa kukosa ndege? Jivu lililofunga anga ya Ulaya lilitoka Eyjafjallajökull, hapahapa.

Lakini nisikufiche, kilichonigusa zaidi ni bomba la bafuni. Maji ya moto yanatoka ardhini yakinuka kama yai viza, na mwenye nyumba hachomi kuni wala mafuta. Nyumba tisa katika kila kumi hupashwa joto hivyo. Zamani moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya mji huu, leo sikuuona. Nje theluji, ndani ya nyumba za vioo nyanya zinaiva kwa joto hilohilo.

Tangu 1979 wenyeji wanawafundisha wageni elimu ya jotoardhi, yaani joto hili la ardhini, na wahandisi wetu wengi wa mitambo ya mvuke ya Olkaria wamepitia hapa. Nilijivunia sana kulisikia hilo. Kwetu Kenya sasa mvuke unatoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. Ila hapa joto la ardhini huwafikia wenyeji majumbani mwao, na sioni kwa nini kwetu iwe vingine. Ukipita tena upande wa Olkaria, tafadhali waulize wale Wamasai waliohamishwa 2014 kupisha mitambo: je, umeme umefika kila boma, na maji je? Niandikie watakavyosema wenyewe, usinipunguzie neno.

Mdogo wako