Mume Wangu, Mbuna na Lita 30 za Sakafuni

Wanawake wenzangu mtanielewa. Mwanaume akishasema anataka samaki wa mapambo sebuleni, usidhani anaongelea bakuli la samaki wawili. Wangu alitaka tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Piga hesabu: lita 270, yaani kilo 270 za maji matupu kabla hujaweka mawe, tena ndani ya nyumba ya kupanga hapa Soweto, Mbeya. Samaki wenyewe ni mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa bluu na njano, ambao huko Ulaya watu wanawafuga kwa gharama wakati sisi kufika Matema ni mwendo wa saa chache tu.

Sikukataa. Kilichotugombanisha ni tangi la pili, lile linalokaa chini kabatini, ambalo wenye mambo yao wanaliita sampu. Maji yanashuka kwa bomba kutoka tangi la juu, yanapita kwenye machujio, halafu pampu inayarudisha juu. Mwenzangu, kwa kubana matumizi, akasema ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha.

"Mama, si maji yanapita tu?"

"Yanapita, baba, umeme ukiwepo."

Hapo ndipo penye kesi, msomaji wangu. Umeme ukikatika pampu inasimama, lakini maji hayasimami. Bomba la kurudisha linageuka mrija na kuanza kunyonya maji ya juu kuyaleta chini, mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo wetu ulikuwa umezama sentimita 5. Kwa tangi la ukubwa ule kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4, kwa hiyo zinashuka lita 27, weka na za kwenye mabomba, ni kama 30. Ndoo ya lita 20 hata ikiwa tupu haiwezi! Na pale chini kuna zulia nililolinunua kwa hela ya mchezo, pamoja na waya wa umeme. Zulia litakauka, waya sitanii nao.

Ukitoboa kitundu kidogo kwenye bomba, sentimita moja tu chini ya uso wa maji, hewa inaingia mapema na mnyonyo unakatika. Tulitoboa. Ila ukijani ukikiziba siku mmelala, ndiyo basi, kwa hiyo nilisisitiza zihesabiwe lita 30 kamili.

Jumamosi tukaenda kwa fundi vioo tukiwa na vipimo: 60 kwa 35, kimo 35, kama lita 73. Pampu ikifanya kazi maji yasizidi sentimita 18, ibaki nafasi ya lita 35 hivi. Fundi akaniuliza, "Dada, mbona unataka kubwa halafu unajaza nusu?" Nikamwambia hiyo nusu nyingine ni ya siku ya giza. Muulize fundi wako silikoni anayotumia. Isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, itawadhuru samaki. Na pima mlango wa kabati kwanza, jamani, maana sampu isiyopita mlangoni ni pambo la uani.

Ndani iligawanywa vyumba vitatu. Cha kwanza sponji, cha pili visugulio vya plastiki vya vyombo, vipya visivyo na sabuni, ambako bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanakaa. Hita nayo iko humo, kwa sababu maji yake hayapungui ovyo. Hita hapa si anasa. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya tuko kwenye 1,700, na Julai yetu mnaijua. Chumba cha mwisho ni cha pampu, na nilikitaka chembamba, sentimita 15. Bomba la kushusha likiziba, pampu itapeleka juu lita 9 na nusu tu, na tangi la juu tumeliachia nafasi ya lita 20 na ushee.

Kabla samaki hawajaingia tulijaza maji, tukawasha, halafu mume wangu akachomoa plagi kwa makusudi. Tukakaa sakafuni wawili, tochi mkononi, tunaangalia maji yanapanda. Yalisimama chini kabisa ya ukingo. Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari kwenye kioo cha sampu kuonyesha mwisho wa kujaza pampu ikiwa inafanya kazi, na pembeni akaandika jina langu.