Mlimani Ambako Ndege Hupita Chini ya Watu

Kwa desturi mtu atakaye kuona ndege huinua kichwa. Lakini karibu na mlima wa Cadair Idris, katika nchi ya Wales, watazamaji huinama na kutazama bondeni. Hapo, baina ya miji midogo ya Dolgellau na Machynlleth, yapo mabonde yaliyoungana kama duara, na marubani wa Uingereza na wa Marekani huyafuata wakijifunza kuruka chini sana. Ndege za vita ziendazo kasi huruhusiwa kushuka hata kufika futi 250 juu ya ardhi. Kwa sababu kando za bonde zimeinuka mno, aliyeketi mlimani huiona kofia ya rubani kwa juu, kama vile mtu aliye darajani amwonavyo dereva wa trekta apitaye chini yake.

Rada haioni nyuma ya mlima. Ndiyo asili ya mazoezi hayo. Katika vita vya Iraq vya mwaka 1991, ndege za Uingereza ziitwazo Tornado zilivishambulia viwanja vya adui kwa kuruka chini hivyo hivyo. Kadha ziliangushwa, na baada ya siku chache zikaamriwa kupanda juu. Hata hivyo ujuzi huo haukutupwa, wala haukuwa wa bure: tangu mwaka 2022, marubani wa pande zote mbili katika vita vya Ukraine wameruka karibu na ardhi ili kuyakwepa makombora.

Wapiga picha huacha motokaa zao kando ya barabara, kisha hupanda kwa miguu katika majani yaliyolowa, kati ya kondoo. Jumamosi na Jumapili si siku za kwenda, maana mazoezi kwa kawaida huwa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Wala hapana ahadi. Mawingu yakishuka, mtu aweza kushinda mvuani mchana kutwa akarudi na picha za kondoo tu. Na ndege ikija, huweza kwenda zaidi ya maili 500 kwa saa, yaani zaidi ya futi 730 kwa kila sekunde. Atafutaye kifuniko cha kamera wakati huo amekwisha kukosa. Hana budi kuifuata kwa mkono mtulivu, kama mwindaji afuatavyo kwale arukaye.

Wenyeji wa huko ni wafugaji, na si wote wapendao kishindo hicho, kwani hushtua mifugo. Serikali huyapokea malalamiko yao. Wageni nao wana wajibu wao, kwa maana lango lililoachwa wazi laweza kumtia mfugaji hasara kuliko ndege.

Tornado za Uingereza ziliondolewa kazini mwezi wa Machi, 2019. Aliyezuiliwa na mawingu mwaka ule hawezi tena kuipata picha ile, hata akae mlimani miaka kumi.