Jiwe Langu Katika Foleni

Ukitaka kumjua mtu, ndugu msomaji, usimtazame arusini wala kwenye nyumba ya ibada. Huko kila mmoja huvaa tabia yake ya sikukuu. Mtazame penye foleni.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kupima akili za watoto kwa mitihani. Hakuna aliyetuambia kuwa tabia za watu wazima nazo zina mtihani wake, na kwamba hufanyika hadharani, mbele ya duka.

Mimi niliufanya mtihani huo Temeke, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na nchi ilikuwa imeishiwa. Sukari, sabuni na unga viliuzwa kwa mgawo, na balozi wa nyumba kumi alijua idadi ya midomo ya kila nyumba kuliko mwenye nyumba. Watu waliamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Asiyeweza kusimama aliweka jiwe, kipande cha tofali au kandambili moja, akaenda zake. Jiwe lile lilihesabiwa kuwa ni mtu.

Katika foleni ile walikuwamo binadamu wa kila namna. Alikuwapo mkali wa sheria, aliyepiga kelele, "Pangeni mstari!" huku yeye mwenyewe ameingilia ubavuni. Alikuwapo mwenye huruma, aliyewapisha wagonjwa wote, ila nafasi aliyowapa ilikuwa ya mwenzake. Alikuwapo mlalamishi, aliyelaani ulanguzi mchana kutwa, na usiku akauza sukari kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa vichakani usiku. Tukastaajabu jinsi mji usio na kitu ulivyokuwa na vitu.

Na mimi je? Mimi nilijihesabu katika waadilifu. Jioni moja niliweka jiwe langu nyuma ya lile la bibi mmoja jirani, nikamwomba anitazamie. Kesho yake nilichelewa kuamka. Nilipofika, muuzaji, ambaye nilimfundisha mwanawe, akaniita: "Mwalimu, pita huku, vipindi vinakungoja." Yeye alijua, nami nilijua, kuwa shule ilikuwa imefungwa. Nikapita. Nikapimiwa kilo mbili.

Bibi yule alipofika mezani, gunia lilikuwa tupu.

Nilimwamkia, akaniitikia marahaba. Hakunilaumu. Aliinama, akaliokota jiwe langu, akanikabidhi. "Mwanangu," akasema, "jiwe lako hili. Limesimama vizuri."

Ningeweza kumgawia nusu. Nilijiambia kuwa watoto wangu wanangoja, kana kwamba yeye hakuwa na wajukuu. Shule ilipofunguliwa nilifundisha somo la Siasa, juu ya usawa wa binadamu. Nilifundisha vizuri sana. Hakuna ahubiriye vizuri kama mwenye deni.

Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, foleni za sukari zilipungua, hata zikaisha. Tukadhani tumepona. Kumbe ilikuwa ni shibe tu. Tabia ilikuwa imekaa kitako inangoja uhaba mwingine. Bibi yule alifariki kabla sijamwomba radhi, maana kila nilipokutana naye nilikuwa na haraka, na haraka ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Sasa mimi ni mzee, naishi Mbagala. Maji yakikatika, tunapanga ndoo bombani. Vijana wenye adabu huniambia, "Shikamoo babu, pita mbele." Zamani ningepita nikiwasifu kwa malezi mema. Siku hizi nasimama kwanza, nikageuka nyuma na kuuliza: nafasi mnayonipa ni ya nani? Mara nyingi ni ya mama fulani mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakuulizwa.

Basi hurudi kwenye ndoo yangu, nikasimama nayo.