Kutoka Dammam Hadi Riyadh



Juma hili mama mmoja wa Funzi alivuka kwa mashua hadi Bodo, akanitafuta. Si mshirika wetu, ni Mwislamu, ila huku kwetu watu hujuana kwa ujirani kwanza. Binti yake anafanya kazi ya nyumbani Dammam, Saudi Arabia. Mkataba wake wa miaka miwili umekwisha na hajaruhusiwa kurudi. Ubalozi wetu uko Riyadh. Mama akaniuliza, "Mchungaji, toka hapo alipo mpaka ubalozini ni mbali?"

Nikampigia hesabu. Kwa ndege ni kama kilomita 350, mwendo wa saa moja. Mombasa na Nairobi ni mbali zaidi. Kwa gari ni kama kilomita 400, saa nne hivi. Hata treni ipo, tena reli hiyo ilifunguliwa 1951. Mama akashusha pumzi. "Kumbe ni karibu!"

Ni karibu, lakini hafiki. Pasipoti yake anayo mwajiri, na iqama, kile kitambulisho cha ukaazi, anayo yeye yeye. Bila hivyo hupandi ndege wala treni. Sheria ya Saudia yenyewe inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Na mwaka 2021 walilegeza masharti, mfanyakazi aweze kuhama kazi au kutoka nchini bila idhini ya mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Yaani hao hao dada zetu.

Fungua Kumbukumbu la Torati 1:2. Horebu mpaka Kadesh-barnea ilikuwa safari ya siku kumi na moja, na Israeli walizunguka jangwani miaka 40. Tumezoea kuhubiri kwamba kilichowachelewesha ni kutoamini. Kwao, sawa. Lakini tafadhali msimbebeshe binti huyu mahubiri hayo. Nimesikia mtu akisema, "Aombe zaidi." Anaomba! Huamka saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa saa za Saudia ni sawa na zetu, mama yake Funzi huamka naye.

Nyinyi mnaojiandaa kwenda, usiniambie "naenda Saudia" ukanyamaza. Jeddah mpaka Dammam ni kama kilomita 1,200, saa mbili hewani. Taja mji. Taja mtaa na jina la mwajiri. Piga picha pasipoti, viza na mkataba, umwachie mama na mtu mwingine mmoja. Nambari ya ubalozi iandike kwenye karatasi, maana simu nayo huchukuliwa.

Mwenye ndugu Dammam au Khobar, hata kama ni dereva au mlinzi, aniandikie inbox leo, asingoje Jumapili.

Mchungaji wenu.