Mji Ukikopa, Mama Ndiye Analipa

Wengi wenu mko katika AVEC. Mnajua sanduku, funguo tatu, daftari, na ile siku ya kugawana. Mnajua pia kwamba mama anayechukua dola 100 harudishi 100. Juu yake anaweka faida, na katika kikundi changu faida hiyo ni 5 kwa mia kwa mwezi. Hakuna mama wa AVEC anayehitaji mwalimu wa kumfundisha riba. Kwa hiyo leo sitafundisha. Nataka tu tuchukue akili ile ya sanduku, tuipeleke kwenye mambo ya mji.

Nimeandika juu ya hili kwa sababu ya swali la mama mmoja wa kikundi chetu cha Katindo. Alikuwa amesikia kwa redio kwamba mji wa Tanga, kule Tanzania, umepata pesa nyingi za maji bila kungoja wafadhili wala serikali kuu. Akauliza: "Na sisi Goma tunakaa kando ya ziwa, tunabeba bidoni kichwani. Kwa nini mji wetu usifanye hivyo?" Wengine wakapiga makofi. Ni swali zuri, lakini kabla ya makofi ni vizuri kuangalia walichofanya Tanga.

Mwezi wa 2, 2024, mamlaka ya maji ya Tanga, inayoitwa Tanga UWASA, iliuza hatifungani. Hatifungani ni karatasi ya deni. Watu wa banki hapa kwetu wanaita obligasio. Anayenunua anaipa mamlaka pesa zake leo. Mamlaka inaahidi kumlipa riba kila mwaka na kumrudishia mtaji wake wakati ukifika. Tanga waliomba shilingi bilioni 53.12 za kule, karibu dola milioni 20. Walioleta pesa walipita hata kiasi kilichoombwa, zikafika bilioni 54.72. Deni ni la miaka 10, na riba ni 13.5 kwa mia kwa mwaka.

Sasa tufungue daftari. Shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya 13.5 kwa mia ni zaidi ya bilioni 7 za riba katika mwaka wa kwanza. Gawanya kwa siku 365: ni zaidi ya milioni 19 kila siku, jua likichomoza na likizama, kabla hata ya kugusa mtaji. Mkopo wa namna hii, kama mtaji wote unarudishwa mwisho wa miaka 10, riba peke yake inafika karibu bilioni 72. Yaani uliomba 53, unatoa karibu 125. Mtaji ukirudishwa kidogo kidogo, riba inapungua, lakini haiishi.

Sisemi Tanga walikosea. Mamlaka ile inauza maji, ina mita, ina wateja wanaolipa kila mwezi, na kabla ya kukopa ilitoa hesabu zake wazi ili kila mnunuzi azisome. Pesa zinaingia kwenye bomba, bomba linaleta wateja, wateja wanalipa deni. Huo ni mkopo wenye miguu. Ninachosema ni kwamba pesa zile si zawadi. Anayefungua robine kule Tanga ndiye atakayezirudisha, mwaka hadi mwaka.

Na hapa Goma ingekuwa hivyo hivyo. Tuchukue mfano mdogo. Tuseme mji unakopa kwa ajili ya maji, na ili kulipa deni bei ya bidoni moja inaongezwa franka 50. Franka 50 ni kitu gani? Hata mtoto hainami kuiokota. Lakini mama wa watoto watano anachota bidoni sita kwa siku. Hiyo ni franka 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi, 108,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ametoa zaidi ya franka milioni moja, na hakuna hata siku moja alipoitwa kwenye mkutano kuambiwa kwamba yeye ni mlipaji wa deni.

Mara nyingi tunafikiri walipa kodi ni wale wafanyabiashara wakubwa wenye makontena. Mama anayeuza sombe kule Birere analipa jetoni ya soko asubuhi. Akinunua bidhaa zenye TVA, ile 16 kwa mia imeshaingia katika bei. Tunakumbuka pia RAM, jinsi uniti zilivyokuwa zinakatwa kwenye simu zetu tangu 2020 hadi ilipoondolewa 2022. Leta haihitaji kugonga mlango wako ili ikutoze. Kwa hiyo deni lolote la mji au la jimbo litapita katika kikapu chetu, tujue au tusijue.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kuogopa madeni ambayo watu hawakuelezwa. Miaka iliyopita, baada tu ya kumaliza ISP, nilifundisha katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Jina lake nitaliacha. Mvua ilikuwa inaingia darasani, mabati yamekuliwa na moshi wa volkano. Wakubwa wa shule wakakopa dola 8,000 kwa mtu, mkopo wa ile namna tunayoita banki lamberi, kwa riba ya 3 kwa mia kwa mwezi. Wazazi wakaambiwa kila mtoto ataongeza dola 3 kwa mwezi, "kwa miaka miwili tu". Hakuna aliyewaonyesha karatasi, na riba haikutajwa.

Mabati yalikuja kweli, na hilo ni haki kulisema. Tulifundisha mvua ikinyesha na madaftari yakabaki makavu. Lakini mwaka wa pili ukaisha, dola 3 zikabaki. Mwaka wa tatu, vilevile. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa, na kila mwezi nilipewa orodha ya wale ambao hawajalipa, niwasome majina mbele ya wenzao na kuwarudisha nyumbani. Wa kwanza kutorudi walikuwa wasichana. Mzazi mwenye watoto watatu na pesa za wawili alijua nani atabaki jikoni. Mmoja wao alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu; nilikutana naye baadaye kule Kituku akiuza sambaza, na alinirudishia chenji kabla sijamaliza kufikiri.

Mwaka wa nne tulikaa walimu watatu, tukapiga hesabu kwa kalamu. Wanafunzi 160, dola 3, miezi 10, toa wale walioshindwa: karibu dola 4,000 kila mwaka. Wazazi walikuwa wametoa zaidi ya dola 14,000 kwa deni la 8,000. Kama wangeonyeshwa hesabu hiyo siku ya kwanza, labda wangekubali hata hivyo, kwa sababu mabati yalihitajika. Labda wangesema tuezeke madarasa mawili kwanza, mengine mwaka ujao. Labda wangetafuta mkopo wenye riba ndogo. Lakini hawakupewa nafasi ya kuchagua, na gharama ya kutochagua walilipa wasichana.

Deni la mji ni jambo lile lile, ila orodha ni ndefu zaidi.

Je, mji au jimbo letu linaweza kukopa kweli? Sheria inaruhusu. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, katika kifungu cha 204, inaweka deni la jimbo na mikopo ya ndani ya nchi kati ya mambo yaliyo mikononi mwa jimbo lenyewe. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 175, inasema jimbo lina haki ya 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Tunajua jinsi majimbo yanavyolalamika kwamba 40 hiyo haifiki. Basi mama wa AVEC aulize: je, tungekubali kumkopesha mtu ambaye mshahara wake mwenyewe haumfikii? Na kama tungekubali, kwa riba ya namna gani? Mwenye pesa akiona hatari, anapandisha riba. Udhaifu wa hazina ya jimbo unakuwa bei, na bei hiyo tunailipa sisi.

Tena, deni la jimbo linapaswa kupita mbele ya bunge la jimbo, mahali ambapo mbunge wetu anaweza kuuliza. Mwezi wa 5, 2021, Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya état de siège. Gavana akawa mwanajeshi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Kila mmoja ana maoni yake juu ya hilo, na mwaka 2024 vita ilikuwa karibu, kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilituonyesha kila siku. Mimi nasema tu kwamba wakati ambapo hakuna wa kuuliza kwa niaba yetu, maswali yetu wenyewe yanakuwa na uzito zaidi.

Nchi yetu inajua deni bila mwanga. Miaka ya 1970 serikali ya Zaire ilikopa ng'ambo kujenga laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ikamalizika 1982. Nyaya zilipita juu ya vijiji ambavyo hadi usiku viliwasha koroboi. Hilo lilikuwa moja ya madeni makubwa yaliyotuelemea. Tuliingia mwaka 2010 ndipo tukasamehewa madeni ya karibu dola bilioni 12.3. Mtoto aliyezaliwa laini ilipomalizika alikuwa na miaka 28 siku hiyo.

Na majirani zetu wa Kenya? Mwaka 2014 serikali yao ilikopa kwa dola katika masoko ya ng'ambo, na sehemu kubwa ilikuwa ya miaka 10, kwa riba ya 6.875 kwa mia. Siku ya kulipa ilipokaribia, mwezi wa 2, 2024, walikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili walipe lile la zamani, safari hii kwa 9.75 kwa mia. Sisi tunaita hiyo kufunga shimo kwa kuchimba shimo. Mwezi wa 6, 2024, mliona vijana barabarani Nairobi juu ya sheria ya kodi, ambayo mapendekezo yake ya kwanza yaligusa hadi mkate na pedi. Watu walikufa, na tarehe 26 rais akakataa kuisaini. Sheria iliondoka. Deni lilibaki.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama wa Katindo kwamba kukopa si dhambi, hata kwa mji. Bomba la maji linaweza kuishi miaka 30, na si vibaya watoto wetu watakaokunywa maji hayo nao wachangie. Lakini tuulize kama tunavyouliza mama anapokuja mbele ya sanduku:

Kwanza, jumla ni ngapi? Si pesa zinazoingia, bali zote zitakazotoka, mtaji pamoja na riba, mwaka kwa mwaka, zimeandikwa.

Pili, deni litalipwa kutoka mfuko gani? Bei ya maji, jetoni ya soko, péage ya barabara? Mlipaji atajwe kwa jina lake.

Tatu, ni deni la franka au la dola? Mwaka 2021 dola ilikuwa karibu franka 2,000, mwaka 2024 ilikaribia 2,800. Anayekusanya franka sokoni na kulipa deni kwa dola anakimbia nyuma ya gari.

Nne, kitu kitaishi kuliko deni? Barabara ya miaka 5 kwa deni la miaka 10 ni kulipia mashimo.

Tano, nani anashika daftari, na sisi tutaliona mara ngapi kwa mwaka?

Wamama, maswali haya hayahitaji diploma. Yanafaa kwa meya, kwa mkubwa wa shule, kwa komiti ya kartiye inayotaka kukopa kwa ajili ya borne fontaine. Naomba kila kikundi kiyaandike kwenye jalada la daftari la AVEC, nyuma ya orodha ya wanachama. Siku mtu atakapokuja na mradi mzuri na maneno matamu, katibu wa kikundi ayasome kwa sauti, moja moja, na asubiri jibu la kila moja kabla ya kwenda kwa linalofuata. Kikundi kitakachopata majibu ya kuandikwa kituletee hapa, tuyapige hesabu pamoja katika toleo linalofuata.