Mgeni Akija Kutuonyesha Nyota



Katika sura ya pili ya Injili ya Mathayo tunasoma habari za wataalamu wa nyota waliotoka Mashariki wakafika Yerusalemu. Kwa desturi tunawatazama wao: safari yao ndefu, zawadi zao, kusujudu kwao mbele ya Mtoto. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, huwatazama pia wenyeji waliowapokea. Makuhani wakuu na waandishi walipoulizwa Kristu azaliwe wapi, walijibu mara moja, na jibu lao lilikuwa sahihi: Betlehemu. Kutoka Yerusalemu hadi huko hakufiki kilomita 10. Hata hivyo, Injili haisemi kwamba hata mmoja wao alikwenda kuona. Wageni walishika njia. Wenyeji wenye vitabu walibaki mjini.

Nakumbuka jambo hilo kila mara tunapozungumzia kumwalika mtaalamu wa elimu ya nyota aje parokiani. Anaweza kusema vizuri sana, tukampigia makofi, tukarudi nyumbani bila kuinua macho. Matunda ya ziara yake yatategemea sisi zaidi kuliko yeye.

Lakini kabla ya hapo kuna neno gumu zaidi, ambalo kijana mmoja alilitamka waziwazi tulipokuwa tukijadili matumizi ya michango ya kikundi: "Mwalimu, nyota hazijazi sufuria." Hakuna aliyecheka. Wengine kati yenu mmewahi kulala bila kula. Wengine mmeacha vijiji vyenu mkiwa na mzigo mmoja tu kichwani. Ni haki kuuliza kwa nini fedha kidogo tulizo nazo zilipe nauli ya mtu anayekuja kueleza pete za Zohali.

Swali hilo alikwisha kujiuliza mtaalamu mmoja mwenyewe. Guy Consolmagno alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1952, akasomea elimu ya sayari katika chuo cha MIT. Alipofikia umri wa miaka 30 hivi, alijiuliza kuna faida gani kuchunguza nyota wakati watu wanakufa kwa njaa. Hakupata jibu. Akaacha utafiti, na mwaka 1983 akajiunga na Peace Corps, kikosi cha Wamarekani wanaojitolea kuhudumu ng'ambo, akiwa tayari kwa kazi yoyote. Akatumwa Kenya, na huko akapewa kazi ya kufundisha fizikia na elimu ya nyota, yaani ileile aliyoikimbia. Alipowatembelea wenzake huko mashambani, alibeba darubini ndogo. Wanakijiji walipanga mstari, kila mmoja akangoja zamu yake ya kuona mashimo ya mwezi na pete za Zohali. Kama anavyosimulia mwenyewe, mshangao wao ulikuwa uleule wa watu wa kwao Michigan.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba mwenye njaa haachi kuwa mtu. Tumbo lake linadai chakula, na akili yake inadai kujua ulimwengu huu ni kitu gani. Tukumbuke kwamba Yezu alipomwambia mjaribu kuwa mkate peke yake hautoshi, hakuwa ameketi mezani. Alikuwa amefunga siku 40. Kwa hiyo sikubali kwamba nyota ni za walioshiba. Anayetuambia tungoje amani na shibe kwanza ndipo tuulize maswali makubwa anatupunguzia utu wetu, hata kama anasema kwa huruma.

Consolmagno alijiunga na Wajezuiti mwaka 1989, na tangu 1993 akafanya kazi katika kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, kilichoanzishwa upya na Papa Leo XIII mwaka 1891. Alikiongoza kuanzia 2015 hadi 2025. Mwaka 2014 wanasayansi wenzake wa Marekani walimtunukia medali ya Carl Sagan, inayotolewa kwa wanaojua kuwaelezea watu wote elimu ya sayari.

Basi tumpokeeje mgeni wetu? Kwanza, tuwatoe wazazi wasiwasi. Kusoma nyota ili kutabiri bahati ya mtu ni jambo ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalikataa katika namba 2116. Kuzipima na kuzichunguza ni elimu nyingine kabisa.

Pili, tusimshurutishe mwanasayansi atuthibitishie Mungu. Padri Georges Lemaître, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama atomu moja. Hata hivyo, padri huyo hakutaka nadharia yake igeuzwe kuwa uthibitisho wa mafundisho ya uumbaji. Imani yake haikuihitaji hesabu, wala hesabu yake haikuhitaji kusaidiwa na imani.

Tatu, tusimngoje mikono mitupu. Katika ualimu tulifundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Sisi tunaishi karibu na ikweta: mwezi mchanga kwetu hulala chali kama mtumbwi, ilhali vitabu vya Ulaya huuchora umesimama. Tumwulize mgeni sababu. Wazee wetu nao waulizwe majina ya nyota walizofuata wakati wa kulima. Lugha yetu yenyewe inalo jina Kilimia, na Biblia ya Kiswahili inalitaja katika Kitabu cha Ayubu.

Mwisho, akishaondoka, tuendelee. Najua usiku umekuwa saa ya hofu kwetu. Lakini mwezi mchanga huonekana jua linapotua, kabla milango haijafungwa, na ua wa nyumbani unatosha. Kanisa huadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kila kikundi kichukue daftari moja. Kuanzia Jumatano ya Majivu, vijana wachore mwezi kila jioni unapoonekana, waandike tarehe na saa, wakiufuata hadi Juma Kuu. Haigharimu nauli ya mtu yeyote. Na Alhamisi Kuu, mkitoka kuabudu Sakramenti, mtazame juu: mtauona mwezi mkubwa kama ule uliomwangazia Bwana Getsemani, na mtaweza kumweleza mdogo wenu kwa nini usiku huo haukosi mwezi.